Shajara ya mradi: majani mabichi ya viungo kwa sungura wawili

11 Januari: Kuanza

Nina sungura wawili wa ndani. Bonge ni dume aliyehasiwa, kilo 2.6. Mchele ni jike, mweupe kama jina lake, kilo 2.1. Wote wamevuka miaka mitatu. Mpaka leo wamekuwa wakila nyasi kavu, peleti (chakula cha vidonge cha kiwandani) kiganja asubuhi na kiganja jioni, na kipande cha karoti kila ninapowaonea huruma, yaani kila siku. Bonge amenenepa. Daktari wa mifugo aliyempima juzi alizitafuta mbavu zake kwa vidole, akazitafuta tena, kisha akaniangalia. Sikuwa na la kusema.

Ushauri wake ulikuwa mfupi: karoti iwe kitu cha nadra kwa sababu ya sukari, peleti zipungue, majani mabichi yaongezeke. Basi mradi ndio huu: kuwazoesha majani mabichi ya viungo kila siku, niyapande mwenyewe kwenye vyungu dirishani, na nisimdhuru yeyote njiani. Nitaandika kila hatua ikiisha ili anayetaka kufuata asirudie ninayoyakosea.

Kabla ya kununua chochote nilijisomea jinsi tumbo la sungura linavyofanya kazi. Sungura hawezi kutapika. Kikishaingia kimeingia, na njia ya kutokea ni moja tu. Kazi kubwa ya kuvunja chakula hufanywa na vijidudu vinavyoishi kwenye sekamu, mfuko mpana ulioko pale utumbo mwembamba unapokutana na utumbo mpana. Vijidudu hivyo huzoea chakula fulani. Kikibadilika ghafla, vile vizuri hupungua na vibaya hupata nafasi. Kinachosukuma kila kitu kisonge ni nyuzinyuzi ndefu za nyasi kavu, ndiyo maana nyasi zinatakiwa kuwa asilimia 80 na zaidi ya chakula chao, na zisikosekane kihorini usiku wala mchana. Majani mabichi: kikombe kimoja kilichoshindiliwa kwa kila kilo ya uzito kwa siku, kwa sungura aliyekwisha kuyazoea.

Yale maneno matatu ya mwisho niliyasoma. Tatizo ni kwamba niliyasoma tu.

14 Januari: Nilichemka

Nilinunua mafungu matano: giligilani (wengine mnaiita dania), pasli, mrehani, nanaa na shibiti. Nikaosha, nikachanganya yote kwenye bakuli kubwa kama mtu anayeandalia wageni, nikaweka chini.

Bonge alikamata shina la giligilani kwa upande wa chini. Lilikwenda mdomoni bila kukatika, taratibu, kama kitambaa kinavyovutwa chini ya sindano ya cherehani, mpaka jani la mwisho likapotea chini ya pua. Akachukua jingine. Mchele alianza kwa kunusa kila kitu, akausukuma mnanaa pembeni kwa pua, akajikita kwenye mrehani. Bakuli liliisha kabla sijamaliza chai yangu. Nilifurahi, nikawaongeza.

Nilikuja kupima baadaye mafungu yaliyobaki na kupiga hesabu: kila mmoja alikula karibu gramu 150 za kitu ambacho tumbo lake halikuwahi kukiona.

15 Januari: Asubuhi yake

Harufu ndiyo iliyonipokea mlangoni. Manyoya ya nyuma ya Bonge yalikuwa yameganda uji mweusi, na kwenye mkeka kulikuwa na mabaka yaliyokanyagwa. Nilimpigia daktari mikono ikitetemeka.

"Anakula?"

"Anakula, daktari. Sasa hivi kaja kuomba peleti."

"Sijauliza peleti. Nyasi anakula?"

Nikamsogezea nyasi huku simu iko sikioni. Akavuta mbili, akatafuna.

"Anakula."

"Vigololi vikavu vipo?"

"Vipo, ila vichache."

"Basi hajafika pabaya. Majani yote toa. Nyasi na maji tu."

Hapa nilijifunza jambo ambalo kila mfugaji wa sungura anatakiwa kulijua kabla ya kununua jani la kwanza. Sungura hutoa aina mbili za kinyesi. Kuna vigololi vikavu, mamia kwa siku, ambavyo ndivyo tunavyofagia. Na kuna kile laini kinachotoka kwenye sekamu, cheusi, kinang'aa, kimeshikana kama kishada kidogo cha zabibu. Hicho hukila mwenyewe moja kwa moja kinapotoka, mara nyingi usiku au alfajiri, na humo hupata vitamini na protini zilizotengenezwa na vile vijidudu. Chakula kikiwa kingi au kigeni, kile laini hutoka kingi na kibovu, hakiliwi, kinapondwa na makalio. Ndicho nilichokikuta. Kuhara kwenyewe, yaani maji matupu na vigololi hakuna, ni hali nyingine kabisa, na hiyo haisubiri kesho.

Mambo aliyoniambia niyaangalie, nimeyabandika mlangoni: akipitisha saa 10 hadi 12 bila kula au bila kutoa vigololi, akijikunja na kusaga meno, masikio yakiwa ya baridi, tumbo likiwa gumu kama ngoma. Lolote kati ya hayo, ni kumbeba na kumpeleka, si kupiga simu.

Kumsafisha: sikumwogesha. Sungura akilowa mwili mzima hupoa vibaya na hushtuka. Nilimweka mapajani juu ya taulo, nikalainisha uchafu kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, nikautoa kidogo kidogo, nikamkausha mpaka kwenye ngozi. Ilichukua dakika 40 na alinikwaruza mara mbili. Usiuache uchafu huo hata kidogo, maana nzi hutaga mayai kwenye manyoya machafu, na funza wakitotolewa hula nyama ya sungura akiwa hai.

Gharama ya bakuli moja: siku tisa bila jani lolote, mafungu matano jalalani, usiku mmoja bila usingizi. Na lililoniuma zaidi: sijui ni lipi kati ya yale matano lililomvuruga. Nimempa vitano kwa pamoja, sasa nimshike nani?

24 Januari: Jani moja moja

Kinyesi cha Bonge kilirudi sawa tangu tarehe 18, lakini nilisubiri. Sasa utaratibu ni huu, nao nimeuandika kwenye daftari lenye mistari: aina moja kwa siku nne. Siku ya kwanza kijiti kimoja chenye majani matatu au manne, asubuhi, niwe nyumbani siku nzima. Siku ya pili, kama vigololi viko sawa, vijiti viwili. Siku ya tatu, vinne. Siku ya nne, kiasi kile kile cha jana ili nione kama kinakaa. Kikienda kombo, naacha, nyasi tupu kwa siku tatu, kisha narudi kwenye kijiti kimoja.

"Sawa" maana yake nini? Nachukua kigololi kilichokauka, nakiponda kati ya vidole. Ndiyo, kwa mkono. Kizuri ni cha duara, kikubwa kama punje ya njegere, rangi ya kahawia inayoelekea dhahabu, na kikipondeka kinakuwa vumbi la nyasi tupu, halina harufu. Kibaya ni kidogo, cheusi, kigumu, au kimeunganishwa na kingine kwa unywele. Familia yangu imeniona nikifanya hivi na imeamua kutouliza.

Nimeanza na giligilani. Imepita bila neno kwa wote wawili.

2 Februari: Vyungu, na mimea iliyokufa

Wakati Bonge anapona nilipanda. Kazi ya kawaida siielezi: udongo, vyungu vyenye matundu, dirisha lenye jua. Naeleza palipoharibika.

Giligilani nilizisia kwenye trei, zikaota baada ya siku kumi, nikazihamishia kwenye vyungu zikiwa na majani manne. Nusu zilikufa. Zilizobaki zilidumaa. Mmea huu una mzizi mmoja mrefu wa katikati na haupendi kung'olewa. Nimepanda upya moja kwa moja kwenye vyungu virefu, mbegu nikiziviringisha kwanza chini ya chupa zipasuke, kwa kuwa kila kidonge kina mbegu mbili ndani. Nasia kidogo kila baada ya wiki mbili ili vingine vikizeeka vingine viwe vichanga.

Pasli niliitupa. Yaani, chungu chenyewe. Siku ya 14 hakijaonyesha kitu, nikasema mbegu mbovu, nikamwaga udongo. Jioni ndipo nikasoma kwamba pasli huchukua wiki tatu mpaka nne kuota. Safari hii nimeloweka mbegu usiku kucha, nimeandika tarehe kwenye chungu, na nimejikataza kukigusa.

Mnanaa hauhitaji mbegu: vijiti vitano kwenye glasi ya maji, mizizi ikaonekana siku ya nane. Uwe na chungu chake peke yake, kwani ukiuchanganya na mwingine huo mwingine hautauona tena.

Kosa kubwa lilikuwa mrehani. Nilinunua ulioota tayari kwenye kichungu, umestawi, unang'aa. Nilikuwa nimeshakata kijiti cha Mchele nikaona vipunje vya bluu kwenye udongo. Nikarudi kumuuliza muuzaji vimewekwa dawa gani. Hakujua, na kwa kweli si yeye aliyeuotesha. Zipo dawa za wadudu ambazo mmea huzinyonya kwa mizizi zikasambaa ndani ya jani. Hizo ukiosha mpaka kesho hazitoki. Mmea wa pambo haukuandaliwa uliwe. Nimeupeleka sebuleni ukae kama ua, na mrehani wa sungura nimeanza na mbegu, mbegu zenyewe zile zisizopakwa rangi. Zile za waridi au bluu zimepakwa dawa ya ukungu.

Ya mafungu ya kununua: naosha kila shina kwa maji yanayotiririka, nakung'uta, na sinunui ninapoona unga mweupe au majani yaliyoanza kulegea.

9 Februari: Mbolea niliyodhani ni ya bure

Kila mtu anajua mavi ya sungura ni mbolea nzuri na haiunguzi mimea hata ikiwa mbichi. Mimi nina ndoo nzima kila wiki. Nikajaza kwenye vyungu karibu vyote.

Nilimtajia daktari nikijisifu. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na majani hayo anakula nani?"

Sungura wengi hubeba koksidia, vimelea vidogo sana vya utumbo, bila dalili. Mayai yake hutoka na kinyesi, na yakikaa nje siku chache kwenye unyevu ndipo yanapokomaa na kuweza kuambukiza. Maji ya kumwagilia yanarusha udongo, udongo unakaa kwenye jani, jani linarudi kwa sungura. Nilikuwa nimejenga mtambo wa kuwaambukiza upya, tena nikiumwagilia kila asubuhi.

Nimemwaga vyungu vitano, nimesugua kwa maji ya moto, nimeanza na udongo mpya. Mbolea ya sungura sasa inakwenda kwenye maua ya nje ambayo hawafiki. Gharama: saa tatu, mifuko miwili ya udongo, na giligilani nilizokuwa nimezisia upya. Chungu cha pasli kilinusurika kwa sababu tu nilikuwa nimejikataza kukigusa.

16 Februari: Zote tano zimepita

Hili sikulitarajia. Giligilani, mrehani, shibiti, nanaa, pasli: kila moja nimeijaribu peke yake kwa siku nne, kwa wote wawili, na vigololi havikubadilika. Mchele hali nanaa, anapiga mguu chini na kunigeuzia mgongo, lakini huko ni kuchagua, si kuumwa. Kwa hiyo ule usiku wa tarehe 14 hapakuwa na jani baya kwenye bakuli. Ubaya ulikuwa ghafla, na wingi. Nimetumia mwezi mzima kumtafuta mkosaji kati ya mboga tano, kumbe mkosaji ndiye aliyekuwa ameshika bakuli.

Pasli ilileta jambo jingine. Siku ya tatu niliona mkojo wa Bonge umekauka kwenye mkeka ukaacha unga mweupe kama chaki. Sungura hafanani na sisi kwa kalsiamu. Utumbo wake hunyonya karibu yote iliyopo kwenye chakula, iwe anaihitaji au la, na ziada hutolewa na figo. Mkojo wenye ukungu kiasi ni kawaida. Ukianza kuwa mzito kama tope, au akikaa muda mrefu anajikamua, ni kibofu kinachojaa mchanga, na hapo ni kwa daktari.

Nilikwenda kuangalia viwango. Katika gramu 100 za majani mabichi, giligilani ina miligramu 67 hivi za kalsiamu, pasli 138, mrehani 177, shibiti 208, na thaimu imefika 405. Kwa hiyo pasli, ambayo ndiyo inayosemwa vibaya kuliko zote, iko nyuma ya mrehani ambao hakuna anayeuogopa. Thaimu inasameheka kwa kuwa sungura hupewa vijiti viwili vyembamba, si kikombe. Pasli ina deni lake jingine, oksaleti (kemikali ya asili ya baadhi ya majani), sawa na mchicha wa Ulaya na majani ya kiazisukari. Uamuzi wangu: giligilani ndiyo msingi wa kila siku, mrehani na shibiti kwa zamu, pasli mara mbili kwa wiki na kamwe si siku moja na jani jingine lenye oksaleti nyingi. Na maji yawe kwenye bakuli zito, si chupa ya kunyonya tu. Wangu wanakunywa zaidi wakikuta bakuli, na maji mengi huosha kibofu.

Ukiona mkojo wa rangi ya machungwa au mwekundu usizimie. Rangi za mimea huutia rangi hiyo. Mimi nilizimia kidogo. Ukibaki na wasiwasi, peleka sampuli ikapimwe damu, ni kipimo cha dakika chache.

23 Februari: Friji

Fupi, kwa sababu inaudhi. Niliosha majani ya wiki nzima, nikayafungia kwenye mfuko yakiwa na maji. Siku ya nne yalikuwa ute. Mrehani ulikuwa umegeuka mweusi siku ya pili, maana hauwezi baridi ya friji. Yote jalalani, karibu gramu 400. Kilichoanza kuoza hakikatwi sehemu mbovu ukampa iliyobaki. Ukungu hauonekani wote kwa macho.

Sasa: naosha ya siku hiyo tu. Mengine yanakwenda friji makavu, yamefungwa kwenye kitambaa chenye unyevu kidogo, ndani ya chombo kisichobana. Giligilani inakaa siku sita hivyo. Mrehani unakaa mezani kwenye glasi ya maji kama maua.

2 Machi: Ilikuwa karibu

Nilisafiri siku moja nikamwachia mpwa wangu kazi ya kulisha. Nilimwelekeza: kata kijani kilichoko dirishani, ujaze kikombe. Alitii neno kwa neno. Dirishani kulikuwa na giligilani, mrehani, na chungu cha majani membamba ya kitunguu ambacho ni cha jikoni kwangu.

Nilirudi nikakuta kikombe bado kiko juu ya meza.

"Nilitaka kwanza uvione, mjomba, maana vingine vinanuka kitunguu."

Mtoto huyu ana akili kuliko mimi. Vitunguu vya aina zote, saumu, liki, na majani yake, huharibu chembe nyekundu za damu, na dalili zinaweza kuchelewa kwa siku kadhaa, ukawa umeshasahau ulimpa nini. Nimehamisha chungu hicho jikoni kabisa. Vilivyobaki dirishani vimepigwa mstari wa rangi nyekundu, na vyenye mstari ndivyo vinavyoliwa. Nimemwandikia na visivyoguswa: majani ya nyanya na ya viazi mviringo, parachichi na majani yake, komfri hata kama wazee wanaisifu, rubabu, na ua lolote la bustani asilolijua. Nyasi zilizokatwa na mashine ya bustani pia hapana, maana huanza kuchacha zikiwa bado kwenye lundo.

Aliuliza swali zuri: mbona tusichume mnanaa wa porini? Kwa sababu si kila kinachonuka nanaa ni nanaa. Peniroyali ni ndugu yake na mafuta yake huua ini. Na kwenye ukoo wa pasli na giligilani kuna hemloki, yenye jani linalofanana na pasli kwa jicho la mtu mwenye haraka, na hiyo ni sumu kali. Sheria ya nyumba: kama hatukuipanda au hatukuinunua kwa jina, haiingii.

15 Machi: Nyasi zinabaki

Wiki iliyopita tulifika kipimo kamili, vikombe viwili na nusu kwa Bonge, viwili kwa Mchele. Vyungu vinatoa nusu ya mahitaji, nusu nanunua. Kila kitu kilikuwa kizuri, na ndipo nikagundua nafagia vigololi vichache, tena vidogo.

Bahati nzuri daftari lina safu ya nyasi. Napima zinazoingia asubuhi na zinazobaki kesho yake. Januari, kabla ya majani, wawili hawa walikuwa wanamaliza gramu 160 kwa siku. Nilipopima tena walimaliza 95. Hawakuwa wagonjwa. Walikuwa wameshiba majani asubuhi, halafu wakawa wanakaa karibu na mlango wa jikoni wakinisubiri, na nyasi zinawatazama.

Hili limenitia hofu kuliko ule uji wa Januari, kwa sababu halina harufu wala doa. Ningepima majani peke yake ningejipongeza. Tumbo lisilopata nyuzi ndefu hupunguza mwendo, na sungura ambaye tumbo lake limesimama anaweza kufa ndani ya siku mbili. Meno nayo huota maisha yote na kusuguliwa na nyasi. Shina la giligilani halisugui kitu.

Nimejaribu mambo matatu. La kwanza, kupunguza majani kwa nusu: nyasi zilipanda hadi 120 tu, na Bonge akatafuna mguu wa kiti. La pili, kubadilisha nyasi, nikanunua zenye harufu mpya: 130 kwa siku mbili, kisha zikashuka tena. La tatu ndilo lililofanya kazi. Asubuhi hakuna majani kabisa, ni nyasi mpya tu na peleti kijiko kimoja kikubwa. Majani yanatolewa jioni kwa mikupuo miwili, na mkupuo wa kwanza sitoi kwenye bakuli: navifutika vijiti kimoja kimoja ndani kabisa ya rundo la nyasi. Bonge anachimba kwa pua, anakosa, anapata jani la nyasi mdomoni badala ya mrehani, analitafuna akiendelea kutafuta. Anaonekana amedanganywa na amekubali.

30 Machi: Tulipofika

Nyasi: gramu 155 kwa siku, wastani wa siku kumi. Vigololi vimerudi ukubwa wa njegere. Bonge ana kilo 2.4, Mchele hajabadilika. Unga wa chaki kwenye mkeka sijauona tangu nipunguze pasli.

Pasli ya Februari imekwisha kuota, siku ya 24, mimea kumi na moja. Rozmari na thaimu zimepita majaribio kwa vijiti vidogo. Mchele anaipenda rozmari, jambo ambalo sikulitegemea kwa mtu anayekataa nanaa. Zilizokaushwa siwapi kwa kipimo cha mbichi, kwa sababu maji yakitoka kalsiamu inabaki, na kijiko kimoja kikavu ni rundo zima.

Kesho naanza shamari. Kijiti kimoja, saa mbili asubuhi, majani matatu. Daftari liko wazi kwenye ukurasa mpya na Bonge ameshakula kona yake ya chini.